Namna ya kuchora njia ya hewa ya rejeta ili ndege ya kivita ya pistoni isipoteze kasi

Maswali ni yaleyale kila mara. Rejeta ya Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa inasukuma ndege kweli? Mdomo wa kuingizia hewa uwe na ukubwa gani? Kwa nini injini inachemsha wakati wa kupaa, ilhali ikishafika juu na kushika kasi inatulia? Hapa tunayajibu kwa hesabu moja, kuanzia joto la injini hadi kibao cha nyuma, yaani kile kinachofungua na kufunga mlango wa kutokea hewa. Mfano wetu ni ndege ya kivita ya aina ya miaka ya 1940, yenye injini moja ya kupozwa kwa maji ya kW 1,000. Kama unachora nakala ndogo ya Spitfire ya Uingereza au Mustang yenye injini ya gari, badilisha tarakimu. Hatua ni hizihizi.

Swali la kwanza tulimalize mapema. Msukumo unaotokana na joto la rejeta upo, ila ni mdogo kuliko unavyosimuliwa. Kasi inaokolewa zaidi pale hewa inapopunguzwa mwendo kabla ya kufika kwenye rejeta bila kupoteza presha. Ukiharibu hapo, joto halitakuokoa. Tarakimu utaziona kwenye hatua ya 9.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Nguvu ya injini katika hali mbili: kupaa kwa nguvu zote, na kasi ya juu kabisa. Tafuta pia joto linaloingia kwenye maji katika kila hali.
- Jedwali la angahewa sanifu (joto, presha na densiti kwa kila kimo).
- Karatasi ya mtengenezaji wa rejeta inayoonyesha presha inayopotea kwenye sega, yaani lile tofali la mirija na mapezi, kwa kasi mbalimbali za hewa. Bila karatasi hii unabahatisha.
- Mchoro wa ndege kwa upande, wenye vipimo.
- Mrija mwangavu wa mita 3 wa kutengenezea manomita ya maji (kipimo cha presha), vijirija vya shaba vya milimita 2 hadi 3, nyuzi za sufu, silikoni inayovumilia joto, na bati la alumini la pembe.

Nadharia, kiasi cha kukutosha

Presha inayopotea kwenye sega hukua kwa mraba wa kasi ya hewa. Ndege ikienda mita 180 kwa sekunde, na hewa ikapita kwenye sega kwa mita 17 tu kwa sekunde, upotevu unapungua zaidi ya mara mia. Kwa hiyo njia ya hewa huwa na umbo la mtungi: mdomo mdogo, tumbo pana lenye sega, kisha shingo nyembamba ya kutokea. Kwenye tumbo kasi inageuka presha; kwenye shingo presha inageuka kasi tena. F. W. Meredith wa Farnborough, Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1935 kwamba joto la rejeta likiongezwa hewa ikiwa bado na presha, hewa hiyo hutoka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu ya kilichopotea. Sasa kazi.

Hatua ya 1: Orodhesha joto lote

Kama huna tarakimu za mtengenezaji, anza na asilimia 45 hadi 50 ya nguvu ya shafti. Mfano wetu: kW 500 wakati wa kupaa, kW 450 kwenye kasi ya juu. Kuna joto lingine ambalo wanaoanza hulisahau, nalo ni la oili na la kipoza-hewa cha supachaja (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini). Kwenye Mustang za injini ya Merlin, kipoza-hewa kilikaa pamoja na rejeta kuu, na rejeta ya oili ikapewa mlango wake wa kutokea. Oili ipe njia yake, maana mahitaji yake hayapandi na kushuka sambamba na ya maji.

Chagua kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, hapahapa. Merlin za mwanzo zilitumia glikoli tupu; baadaye zikahamia mchanganyiko wa glikoli 30% na maji 70% chini ya presha. Maji hubeba joto vizuri zaidi kuliko glikoli, na presha huyazuia yasichemke. Mfumo wenye presha unaokuruhusu kufika nyuzijoto 115 hupunguza ukubwa wa sega.

Hatua ya 2: Anza na kupaa

Usianze na kasi ya juu, hata kama ndiyo inayovutia. Ukubwa wa sega huamuliwa na kupaa siku ya joto, kwa sababu nguvu ni nyingi na upepo ni mdogo.

Chukua usawa wa bahari, nyuzijoto 35, kasi mita 75 kwa sekunde. Presha ya mwendo, yaani ile inayopatikana hewa hiyo ikisimamishwa, ni kPa 3.2. Hewa ikisimamishwa hupata joto la nyuzi 3 hivi, kwa hiyo inafika kwenye sega ikiwa na 38. Tofauti na maji ya 115 ni nyuzi 77. Sega zuri huipandisha hewa kwa asilimia 60 ya tofauti hiyo, yaani nyuzi 46. Gawanya:

500 ÷ (1.005 × 46) = kilo 10.8 za hewa kwa sekunde (1.005 ni kJ za kupandisha kilo moja ya hewa kwa nyuzi moja).

Sasa jaribu sega la eneo la mita za mraba 0.42. Hewa itapita kwa mita 22 kwa sekunde. Kwa sega linalopoteza mara 12 ya presha ya mwendo wa hewa inayoligonga, upotevu ni kPa 3.4. Ulichonacho, baada ya difyuza nzuri (sehemu inayopanuka kati ya mdomo na sega) kurudisha 90%, ni kPa 2.9. Haitoshi. Ongeza sega liwe 0.50: kasi inashuka hadi mita 19 kwa sekunde na upotevu unakuwa kPa 2.4. Hapo inapita, ila kibao cha nyuma lazima kisaidie kunyonya (hatua ya 8).

*Onyo:* usijaribu kuokoa eneo kwa kulifanya sega liwe nene. Safu za nyuma hupokea hewa ambayo tayari imepashwa moto, kwa hiyo zinaongeza upotevu wa presha haraka kuliko zinavyoongeza upozaji.

Hatua ya 3: Rudia kwa kasi ya juu

Kimo mita 6,000, kasi mita 180 kwa sekunde (km 648 kwa saa). Nje ni nyuzijoto -24, densiti 0.66, presha kPa 47.2. Hapa kusimamisha hewa kunaipandisha joto kwa nyuzi 16, na kosa la kuisahau hiyo 16 ni la kawaida mno. Hewa inafika ikiwa na -8. Themostati ikishikilia maji kwenye 110, tofauti ni 118, na hewa itapanda kwa nyuzi 70.

450 ÷ (1.005 × 70) = kilo 6.4 kwa sekunde.

Kwenye sega la 0.50 hewa hiyo hupita kwa mita 17 kwa sekunde na kupoteza kPa 1.3 tu. Linganisha hizo kilo 6.4 na 10.8 za kupaa. Tofauti hiyo ndiyo sababu mlango wa nyuma usiofunguka wala kufungwa hauwezi kuifaa ndege ya kivita.

Hatua ya 4: Pima mdomo

Kwenye kasi ya juu, hewa inayoingia mdomoni iwe na kasi ya takriban nusu ya kasi ya ndege. Sehemu ya kupunguza mwendo ifanyike nje, ambako hakuna kuta za kuisugua. Mdomo wa mita za mraba 0.10 (upana milimita 700, kimo 143) unatupa uwiano wa 0.48. Wakati wa kupaa uwiano unageuka kuwa karibu 1.3, yaani mdomo unavuta hewa kutoka pembeni. Ukiufanya mdogo zaidi, mvuto huo utabandua hewa kwenye kingo za ndani. Ukiufanya mkubwa zaidi, hewa itamwagika nje kwenye kasi ya juu.

Kingo ziwe za mviringo, nene upande wa ndani kama sehemu ya mbele ya bawa. Ukingo wa bati tupu unapendeza kwenye picha na unachemsha injini wakati wa kupaa.

Hatua ya 5: Utenge mdomo na ngozi ya ndege

Hewa inayotambaa kwenye ngozi ya ndege imechoka: imesuguana na bati tangu puani, na haina nguvu ya kupanda kuelekea presha ya juu. Ikiingia kwenye difyuza, inabanduka na kuziba nusu ya njia. Unene wake unakadiriwa hivi:

unene = 0.37 × umbali ÷ (namba ya Reynolds)^0.2, ambapo namba ya Reynolds = densiti × kasi × umbali ÷ mnato wa hewa

Kwa mdomo ulio mita 3 nyuma ya mwanzo wa ngozi, unapata milimita 38 kwenye kasi ya juu na 42 wakati wa kupaa. Acha pengo la milimita 45 kati ya ukingo wa juu wa mdomo na tumbo la ndege, na uhakikishe hewa ya kwenye pengo ina njia ya kutoka pembeni. Pengo lisilo na pa kutokea ni mfuko tu.

Mashine za zamani zinafundisha hapa. Mdomo wa Spitfire ulibana karibu na uso wa chini wa bawa, ukawa unameza hewa hiyo iliyochoka. Bf 109F za mwanzo za Ujerumani zilitengenezewa njia ya pembeni ya kuipitisha. Mustang ikaushusha mdomo chini ya bawa. Mosquito, ndege ya Uingereza ya injini mbili, ililikwepa tatizo lenyewe kwa kuweka rejeta kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kati ya kiwiliwili na injini, ambako hewa ni mpya. Ukiwa na injini mbili, fikiria njia ya Mosquito kwanza.

Hatua ya 6: Difyuza, na hapa usikimbie

Sehemu hii ndiyo inayopanuka kutoka 0.10 hadi 0.50, mara tano. Ukichora kuta zilizonyooka zenye pembe ya jumla ya nyuzi 10, kimo kikitoka milimita 143 hadi 625 (sega letu ni 800 kwa 625), utahitaji urefu wa mita 2.75. Hakuna ndege ya kivita yenye nafasi hiyo. Wengi hufupisha kwa kuongeza pembe hadi nyuzi 30 au 40, na hapo ndipo kasi inapopotelea: hewa inabanduka ukutani, inapita katikati kama maji ya bomba, na sega linapata upepo mkali katikati na ukimya pembeni.

Fanya hivi:

a) Baada ya mdomo, acha kipande kifupi kinachopanuka kidogo sana, kama sentimita 10 hadi 15, hewa ijipange.

b) Panua taratibu, nyuzi 8 hadi 10 kwa jumla, hadi eneo lifike karibu maradufu. Kipande hiki ndicho kinachorudisha presha nyingi, kwa sababu hewa bado ina kasi. Ikishapungua kuwa nusu ya kasi ya mdomoni, robo tatu ya presha yake ya mwendo imekwisha kugeuka.

c) Kisha funua kuta kama mdomo wa tarumbeta kuelekea sega. Sega lenyewe, kwa ukinzani wake, linailazimisha hewa itawanyike. Kwa hiyo pembe kubwa inaruhusiwa karibu na sega, na hairuhusiwi karibu na mdomo. Wanaoanza huchora kinyume chake.

d) Kama nafasi bado haitoshi, gawanya njia kwa vibao viwili vyembamba vya kuongoza hewa, ili kila chumba kiwe na pembe ndogo. Kulilaza sega nako kunasaidia, mradi vibao viwepo vya kuigeuza hewa iingie moja kwa moja kati ya mapezi.

Ndani pawe laini. Vichwa vya ribiti vilivyosimama, mabomba yanayokatiza njia na makutano ya faibaglasi yasiyosuguliwa vinagharimu zaidi hapa kuliko popote pengine kwenye ndege.

Hatua ya 7: Ziba

Hewa hupenda njia rahisi. Mwanya wa milimita 5 kuzunguka sega la 800 kwa 625 una eneo la sentimita za mraba 140 hivi, na hewa inayopita humo haipozi chochote. Weka bati la pembe pande zote nne, mpira kati ya bati na fremu, na silikoni kwenye kona. Usilifunge sega kwa ugumu; linatanuka kwa joto, na likibanwa litavuja kulanti kwenye miunganiko. Washa taa ndani ya difyuza usiku: mwanga ukitokea pembeni ya sega, hujamaliza.

Hatua ya 8: Shingo ya kutokea na kibao

Kiasi cha hewa kinatawaliwa na mlango wa nyuma. Usitawale kwa kuziba mdomo. Ukifanya hivyo unaipoteza presha kabla ya kuitumia.

Kwenye kasi ya juu tundu linatakiwa kuwa mita za mraba 0.07, yaani 700 kwa milimita 100. Wakati wa kupaa linatakiwa 0.21, yaani kimo cha milimita 300. Kibao chenye urefu wa milimita 600 kitafika huko kwa kufunguka nyuzi 20 hivi. Kikifunguka hutengeneza mvuto nyuma yake. Ukichukulia asilimia 30 ya presha ya mwendo unapata kama kPa 0.9, na hiyo ndiyo iliyotuokoa kwenye hatua ya 2. Hewa itoke ikielekea nyuma, sambamba na mwili. Ikitoka kwa kuelekea chini, msukumo wake haukusaidii.

Kiunganishe kibao na themostati, na umwachie rubani swichi ya kukifungua mwenyewe. Mtambo ukifa, kibao kiende upande wa wazi.

Hatua ya 9: Kagua ulichopata

Hesabu kasi ya hewa inayotoka, ukitoa 3% kwa ajili ya msuguano wa shingo, kisha zidisha tofauti ya kasi kwa kilo 6.4:

- Difyuza inarudisha 90%, joto limehesabiwa: hewa inatoka kwa mita 176.5 kwa sekunde. Ukinzani wa ndani ni niutoni 22, sawa na kW 4.
- Difyuza hiyohiyo, ukijifanya hakuna joto: mita 157. Niutoni 147, kW 26.
- Joto lipo, lakini difyuza inarudisha 60% tu: mita 141.5. Niutoni 246, kW 44.

Joto limekupa kW 22. Difyuza mbovu imekunyang'anya 40. Ukinzani wa nje wa umbo lenyewe haumo humu. Huo uutafute peke yake. Na anayesema Mustang ilikuwa na kasi kuliko Spitfire yenye Merlin ya kiwango kilekile kwa sababu ya rejeta peke yake, anasahau bawa na umaliziaji wa bodi.

Hatua ya 10: Pima

Weka vijirija tisa mbele ya sega, safu tatu za vitatu, na vingine tisa nyuma yake. kPa 1 ni milimita 102 za maji, kwa hiyo upotevu wa kPa 2.4 wakati wa kupaa utaonekana kama milimita 245 kwenye manomita. Visomo vya mbele vikipishana zaidi ya moja ya tano, rudi hatua ya 6. Manomita ya maji ni ya kimo cha chini tu. Kwa kimo cha juu au kona za ghafla tumia kihisi cha umeme, maji yasigande wala kumwagika. Fanya kazi hii baada ya mkaguzi wa ndege kuridhika na uwekaji wa vijirija, na abaki rubani mmoja tu ndani.

Ikienda vibaya

*Inachemsha wakati wa kupaa tu.* Fungua kibao hadi mwisho, usome presha mbele ya sega. Ikiwa chini ya robo tatu ya presha ya mwendo, hewa imebanduka: kagua kingo za mdomo, kisha pengo la ngozi. Ikiwa juu, sega ni dogo au limeziba wadudu na vumbi.

*Inachemsha ardhini.* Hilo si tatizo la difyuza. Ndege iliyosimama haina upepo ila wa propela. Punguza muda wa kusubiri, elekea upepo, au weka feni ya umeme inayoondoka njiani.

*Injini iko baridi mno kwenye kasi ya juu hata kibao kikifungwa.* Tundu la kutokea ni kubwa. Punguza kimo kwa milimita 10 kwa mara moja, siyo 50.

*Joto linapanda ghafla bila kubadili chochote.* Fikiria hewa iliyonaswa ndani ya mfumo kabla ya kulaumu njia ya hewa. Toa hewa kwenye sehemu ya juu kabisa ya mabomba, angalia kifuniko cha presha.

*Kona moja ya sega ni baridi na iliyobaki ni moto.* Gusa tanki la pembeni baada ya kutua, kwa glavu. Kama kulanti inapita sawasawa, tatizo ni upepo wa upande mmoja. Bandika nyuzi za sufu kwenye difyuza na kamera ndogo, uone zinapogeuka nyuma.

*Mngurumo au kupigapiga chini ya sakafu ya rubani.* Usiupuuze. Mustang ilipata ugonjwa huu, na dawa ilipatikana kwenye handaki la upepo la kituo cha utafiti cha Ames, Marekani: mdomo ukashushwa zaidi kutoka kwenye bawa na ukingo wake ukakatwa kwa mshazari. Kwako, anza kwa kuongeza pengo kwa milimita 10, ukijaribu kibao kikiwa kimefungwa kabisa, maana mngurumo huja zaidi hewa inapokataliwa kuingia. Ukikoma, mchongo wa mdomo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni mahali ulipokaa.